Je, wajua? Sentimita 30 za Kaub si kina cha Mto Rhine

Kila kiangazi kikikaza Ulaya, redio na magazeti hutangaza kwamba Mto Rhine umebaki na kina cha sentimita 30 au 40 pale Kaub, mji mdogo wa Ujerumani wenye wakazi wasiofika 1,000. Msikilizaji hudhani mtoto anaweza kuuvuka akikunja suruali. Si kweli, na inaudhi kwamba kosa hili hurudiwa kila mwaka.

Namba hiyo husomwa kwenye kipimo kilichosimikwa ukingoni, na sifuri yake haipo kwenye sakafu ya mto. Kipimo kikionyesha sentimita 78 hivi, njia ya meli ina maji ya mita 1.9. Kwa hiyo nahodha huongeza kama mita 1.1: kikisoma 40, ana mita 1.5. Hapo hutoa nafasi ya usalama ili tishari lisikwangue mwamba, na kilichosalia ndicho kinachomwambia apakie tani ngapi. Anayetoka Rotterdam kwenda Basel anaweza kukuta maji tele bandarini, lakini atapakia kwa kadiri ya Kaub, kwa sababu hapo ndipo maji yanapokuwa haba.

Chanzo ni mwamba. Mto umebanwa kati ya milima ya mawe ya sleti, na sakafu yake haizoleki kama mchanga.

Ufinyu huohuo ndio uliowanufaisha watawala. Mwaka 1327 hivi, Mfalme Ludwig wa Bavaria alijenga mnara wa ushuru, Pfalzgrafenstein, kwenye kisiwa cha mawe katikati ya mto. Baadaye mnara ulizungushiwa ukuta, ukapewa ncha kama omo la meli, iliyoelekezwa mto unakotoka ili ipasue barafu. Ushuru ulitozwa hadi miaka ya 1860. Usiku wa kuamkia 1 Januari 1814, Jemadari Blücher wa Prussia alianza kuvusha jeshi lake hapo akimfuata Napoleon, na daraja la mashua likapitishwa kisiwani. Leo hakuna daraja kati ya Mainz na Koblenz. Watu huvuka kwa pantoni.

Oktoba 2018 kipimo kilishuka hadi 25, na kiwanda cha kemikali cha BASF kule Ludwigshafen kikapunguza uzalishaji. Kampuni ikaagiza meli pana inayoweza kupita hata kipimo kikisoma 30. Serikali nayo ina mpango, unaojikokota, wa kuongeza sentimita 20 katika njia ya meli. Tuseme wazi: kuchonga mwamba hakuleti maji. Theluji ya Alps inayoulisha mto ikizidi kupungua, kina kitakachochongwa leo kitaliwa na kiangazi cha kesho, na samaki watakuwa wamepoteza makazi bure.

Petroli, makaa, madini ya chuma, kemikali, nafaka, kokoto, makontena: vyote hupita Kaub kwa meli. Kaub yenyewe ina mvinyo wa Riesling, machimbo ya sleti yaliyofungwa, watalii wanaopiga picha ngome na kukipita kipimo, na treni za mizigo zinazonguruma karibu na nyumba za watu usiku, kero ambayo ingepaswa kutatuliwa zamani.