Mtoto Ameungua kwa Mchuzi wa Moto

Mama, unaijua saa ile. Jua limeshuka, na huku katika milima ya Lubero au ya Masisi hakuna apendaye kukaa nje kwa baridi. Maharagi yamechemka tangu saa tisa juu ya mafiga. Mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu alikuwa nyuma yako akicheza na kijiko. Umegeuka kutafuta chumvi tu. Mara unasikia kelele, nayo si kelele ya njaa. Sufuria imeanguka. Mchuzi umemmwagikia kifuani na mkononi.

Sasa wote wanakimbia. Jirani analeta mafuta ya mawese. Mama mkwe anasema, “Leteni majivu.” Mwingine anakumbuka dawa ya meno, mwingine yai. Wote wanampenda mtoto. Lakini wewe ukatae, kwa heshima, lakini ukatae. Mafuta yanazuia joto lisitoke, kama kifuniko juu ya sufuria. Majivu yanaingiza uchafu katika kidonda, na kesho mwuguzi atalazimika kuyaondoa kidogo kidogo, mtoto akilia kuliko alivyolia jana.

Twaa maji safi yaliyo baridi. Mvue nguo upesi, maana nguo iliyolowa mchuzi inaendelea kuunguza. Lakini ile iliyoshikamana na ngozi usiivute. Mvue na kikuku, kabla mkono haujavimba. Kisha mmwagie maji mahali palipoungua, polepole kwa kikombe, dakika 20. Ni muda mrefu sana mtoto akiwa analia! Baba ashike saa, kwa maana mama atadhani zimetimia wakati zimepita tano tu. Kama maji ni haba, weka beseni chini uyachote tena. Hata kama ulichelewa kwa kutokujua, maji bado yanasaidia mpaka masaa matatu baada ya kuungua. Mwili uliobaki uufunike kwa blanketi, kwa sababu mtoto mdogo hushikwa na baridi upesi.

Malengelenge usiyapasue. Funika kidonda kwa kitambaa safi. Kikwembe kilichofuliwa kinatosha. Kama mtoto angali ananyonya, mnyonyeshe.

Hapo baba atasema, “Fedha hatuna, na ni usiku. Tungoje asubuhi tuone.” Baba, tazama kiganja cha mtoto, pamoja na vidole vyake. Hicho ni karibu sehemu 1 katika 100 ya ngozi yake yote. Pakiungua kupita kiganja kimoja, mpeleke. Pakifika viganja 10, maji ya mwili yanatoka kwa wingi, naye anaweza kufa asipotiwa maji kwa mshipa. Basi usingoje hata saa moja. Na kama ni uso, mkono, unyayo, kiungo au sehemu za siri, mpeleke hata kama padogo.

Tena usifurahi ukiona ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na mtoto haumii akiguswa pale. Kidonda cha namna hiyo kimeingia ndani sana, kimeunguza mishipa ya fahamu. Yule anayelia kwa nguvu mara nyingi ana hali bora kuliko yule aliyenyamaza na kulegea. Chukueni kadi yake ya chanjo, maana mwuguzi ataulizia ile ya pepopunda.

Jambo moja wengi hawalijui. Kidonda kikianza kupona, ngozi mpya hujivuta. Mtoto akiachwa alale amekunja kiwiko kwa sababu ndivyo asivyoumia, kiwiko kitapona kimekunjwa, naye hataweza kunyosha mkono kushika jembe wala kalamu. Kwa hiyo mwuguzi atakuonyesha jinsi ya kuunyosha kila siku. Atalia. Wewe umnyoshe vilevile, ukimwimbia.

Na siku mtakayorudi nyumbani, baba achukue udongo na mawe, ainue mafiga yafike kiunoni mwa mama. Ni kazi ya siku moja au mbili. Mpaka udongo ukauke, fungeni mlango wa jiko kwa ubao au kwa fito, urefu wa kifua cha mtoto, mama apite juu yake na mtoto abaki ng’ambo na kijiko chake.