Ndege wala nafaka walisha makinda wadudu

WAKULIMA wa Kericho na Bomet wanaopanda wimbi na mtama kando ya michai yao huwahesabu kwera na shomoro kuwa wezi. Nafaka inapoanza kukomaa, watoto hutumwa kuamia ndege kwa kombeo na kelele za madebe. Hasara hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, ndege hao hao wanapolea huwa na kazi nyingine ambayo mkulima huiona kwa nadra.

Kinda la kwera hutoka yaini likiwa uchi na kipofu, na kwa muda wa wiki tatu hivi hupaswa kuota manyoya na kuruka. Ukuaji huo huhitaji protini na maji kwa wingi, na mbegu kavu hazina vya kutosha. Ndiposa mzazi, ambaye mwenyewe hushinda akidonoa nafaka, hurudi kiotani akiwa amebana mdomoni kiwavi, panzi au buibui. Hata kwelea, adui mkubwa wa mashamba ya ngano na mpunga, huanza malezi kwa wadudu.

Chiriku ni tofauti. Wao hutegemea zaidi mbegu laini, ambazo hulowa katika gole, kile kifuko cha shingoni, kisha huwatapikia makinda. Kwao, magugu ya kando ya shamba ndiyo ghala.

Michai yenyewe haiwapi ndege hawa mengi, kwani inapofungamana huacha nafasi ndogo ya nyasi kuzaa mbegu. Lakini chai ya Kenya hukuzwa, kwa kiwango kikubwa, bila dawa za wadudu. Tatizo liko ng'ambo ya ua, kwenye mahindi.

Septemba 2011, ugonjwa hatari unaokausha mahindi uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini huko Longisa, Bomet. Virusi vyake huenezwa na wadudu wadogo, wakiwemo vidukari na mbawakawa. Kisha mwaka wa 2017 ikathibitishwa kuwa viwavijeshi wenye asili ya Amerika wameingia Kenya. Wakulima wengi waliona bomba la dawa kuwa ndilo jibu.

Dawa hiyo haibagui. Wadudu wakiadimika, mzazi hulazimika kutafuta mbali zaidi huku makinda wakikaa na njaa. Dawa ya magugu nayo humnyima chiriku mbegu, na kumwondolea kwera wadudu walioishi kwenye magugu hayo. Nchini Uingereza, ambako ndege kadhaa wala mbegu wa mashambani wamepungua sana tangu miaka ya 1970, watafiti wametaja uhaba wa wadudu wa kulishia makinda kuwa mojawapo ya sababu.

Si kwamba kwera watamaliza viwavijeshi, maana kiwavi hujichimbia ndani ya moyo wa mmea. Ila mkulima anayekagua mahindi mapema, akaponda kwa mkono mayai na viwavi anaowakuta, na kunyunyiza dawa penye haja tu, huwaachia makinda chakula. Wimbi litakapokomaa, bado atalazimika kuliamia.