Figo imeshatoka, shimio ni ya nini tena?

Baba mukubwa alipasuliwa. Waganga walitoa figo moja pamoja na mrija wake wote, mpaka pale unaingia kwenye kibofu, juu kansa ilishika ndani ya ule mrija. Kisha wakamwambia kuna shimio. Akaniita mie, "mwenye lisansi": "Mutoto, kitu kimeshatoka, dawa ni ya nini tena?" Mie ni agronomi, si munganga. Ila niliketi nikasoma.

Kansa hii inaanza kwenye ngozi ya ndani, ile inaguswa na mukojo. Mara mingi inashika kibofu. Ile ya huku juu ni kama 5 mpaka 10 tu kwa 100. Ubaya ni kwamba ukuta wa mrija ni mwembamba. Kansa inaupita haraka, na chembe zingine zinaweza kuwa zimeshaenda mahali kisu hakifiki. Unapalilia shamba, unaliona safi, kumbe mizizi imebakia chini. Shimio njo inafuata hiyo mizizi.

Kule Uingereza walijaribu na wagonjwa 261, matokeo yakatoka 2020. Wamoja walipewa shimio mizunguko 4, kila wiki 3, kuanzia ndani ya siku 90 baada ya operasio. Wengine walichungwa tu. Kisha miaka 3, karibu 71 kwa 100 wa shimio walikuwa bila kansa kurudi. Kwa wale wengine ni 46. Tofauti hiyo si kidogo!

Sasa tatizo. Dawa yenye nguvu zaidi kati ya zile za zamani, sisiplatini, inatokea kwenye figo na inaichosha. Na huyu amebakia na figo moja. Njo maana waganga wengine wanapendelea kutoa shimio mbele ya operasio, figo zikiwa bado mbili. Kama figo iliyobakia ni dhaifu, wanaweka karboplatini, inahurumia figo ila nguvu yake ni pungufu. Kwa hiyo usishangae wakiomba kipimo cha kreatinini kila mara, si kutafuta feza.

Na mionzi? Hapa kazi yake ni ndogo. Matumbo, ini na figo ya pili viko jirani, na figo haivumilii mionzi. Inasaidia zaidi kansa ikifika kwenye mufupa, kupunguza maumivu, ao kuzuia damu isitoke.

Kitu kilinishangaza kinatoka shambani. Karibu na muto Danube, kule Serbia, Kroatia, Bulgaria, vijiji vingine viliugua figo na kansa hii hii miaka mingi. Ni majani mabaya, Aristolochia clematitis, yanaota ndani ya ngano. Mbegu zake zinavunwa pamoja, zinasagwa, zinaliwa ndani ya mukate. Brussels nayo, mwanzo wa miaka ya 1990, wanawake walikunywa dawa ya kupunguza unene yenye mumea wa jamaa hiyo, figo zikakufa. Sisi kwenye somo la magugu tulihesabu tu magunia yanayopotea.

Baba mukubwa yeye hakula ngano ya Danube, alivuta tumbaku miaka 30, nayo ni sababu kubwa. Damu kwenye mukojo aliona tangu mwaka jana, haikuuma, akasema ni bilarzia.

Nilimweleza yote. Alinyamaza, kisha akauliza: "Siku 90 zinahesabiwa kutoka lini?" Leo ni ya 41. Kreatinini inatoka kesho.