Elfu kumi ya Tunduma na elfu kumi ya Kamsamba

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za serikali Tanzania Bara, na tangu Januari 2016 shule ya msingi huendeshwa kwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 huenda shuleni, 4,000 hununulia vitabu. Kiwango hicho ni kimoja nchi nzima, na wengi huuona huo ndio usawa. Mkoa wa Songwe unatuonyesha vinginevyo. Mji wa Tunduma, unaopakana na Nakonde ya Zambia, umeongezeka watu zaidi ya maradufu kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, na watoto hao wanahitaji vyumba vya madarasa. Huko Kamsamba, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Momba lakini chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kinachosumbua ni umbali, na walimu kutokaa. Mwalimu akipata uhamisho kwenda mjini, mshahara wake unahama naye. Na mishahara ndiyo fedha kubwa kuliko ruzuku yote. Kwa hiyo shule iliyokuwa na upungufu inazidi kupungukiwa, ingawa kwenye karatasi kila mtoto amehesabiwa sawa.

Wapo wanaosema mzazi apewe uhuru wa kuchagua shule, ushindani ufanye kazi yake. Sheria haimzuii, shule binafsi zipo, na mwenye uwezo Tunduma humpeleka mtoto kwenye mchepuo wa Kiingereza. Lakini kuchagua kunataka nauli, ada, na shule ya pili iliyo karibu. Kijiji chenye shule moja hakina cha kuchagua. Wengine wanahoji kwa nini Tunduma isijitegemee wakati malori yanapanga foleni mpakani. Lakini ushuru wa forodha hukusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA) na kuingia Hazina. Halmashauri hubaki na leseni, ushuru wa masoko na vyanzo vya namna hiyo. Hoja nzito zaidi ni kwamba kanuni ya kugawa fedha yenye vigezo vingi, badala ya idadi ya wanafunzi pekee, huzaa udanganyifu, na kweli uhakiki wa wanafunzi wa 2016 ulikuta wanafunzi hewa. Ila wanafunzi hao walizaliwa na kanuni hii hii ya kuhesabu vichwa. Idadi ya watoto hupikwa ofisini. Umbali wa barabara na takwimu za umaskini hazitoki kwa mwalimu mkuu.

Tena kanuni ya vigezo vingi si jambo geni kwetu. Sekta ya afya iliwahi kugawa fedha za halmashauri kwa kuangalia idadi ya watu kwa asilimia 70, kisha umaskini, umbali na vifo vya watoto wadogo kwa asilimia 10 kila kimoja. Elimu inaweza kufanya vivyo hivyo, posho ya mazingira magumu ikiwekwa kwa jina la shule badala ya jina la mwalimu, ili nafasi ya Kamsamba ibaki na fedha yake hata mwenye nafasi akiondoka. Sera mpya ya elimu inataka elimu ya lazima ya miaka kumi ianze 2027, na kanuni hiyo ingepaswa kuwa kwenye bajeti kabla ya hapo.