Mnanaha si Mnanaa: Tung'oe Gugu Lenye Sumu



Hapa Msasani mvua ni nyingi na udongo una rutuba. Migomba inastawi, chai inastawi, na magugu nayo yanastawi. Shambani kwake kila mtu anapalilia. Lakini kwenye uwanja wa wote, watoto wanapocheza na sisi tunapokutana, kila mtu husema, "Lile gugu si langu." Basi linazidi kukua. Leo tuzungumze juu ya gugu moja baya, mnanaha.

Kwanza tusome jina vizuri. Mnanaa tunautia kwenye chai. Mnanaha unaua. Tofauti ni herufi moja tu. Sisi tuliojifunza kusoma tunajua kuwa herufi moja ina kazi kubwa.

TUNAUTAMBUAJE?

Mnanaha hupenda mahali penye samadi na ardhi iliyochimbwa: kando ya zizi, jalalani, na pembeni mwa njia na viwanja. Tutazame mambo manne:

1. Mmea hufika kiunoni mwa mtu mzima, au hupita. Shina hugawanyika kama panda ya manati.
2. Majani ni mapana, yenye meno pembeni. Yana harufu mbaya.
3. Ua ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau. Huelekea juu.
4. Tunda ni la kijani, kama yai dogo, lenye miiba pande zote. Likikauka hupasuka sehemu nne na kumwaga mbegu nyingi nyeusi.

Mche mchanga hauna ua wala tunda. Ni rahisi kuuchanganya na mboga za porini kama mnavu. Mnavu una maua madogo kama nyota na matunda madogo ya duara yasiyo na miiba. Kwa hiyo tusichume mboga tusiyoijua, wala tusing'oe mboga yetu kwa kudhani ni sumu. Ukiwa na shaka, mwite bwana shamba.

SUMU YAKE

Sumu imo katika mmea mzima, hasa mbegu. Kupika hakuiondoi, wala kukausha. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mbegu za mnanaha zilichanganyika na soya ya unga wa uji. Watu zaidi ya 300 waliugua, na 5 walikufa. Kwa hiyo nafaka na maharage tuyapepete na kuyachambua kabla ya kupika au kusaga.

Aliyekula mnanaha hukauka mdomo. Mboni za macho hupanuka, mwili huwa wa moto, moyo huenda mbio. Halafu huanza kusema ovyo na kuona vitu visivyokuwapo. Hapo wengine husema, "Huyu amerogwa!" Jamani, hakurogwa. Amekula sumu. Saa mnazopoteza kwa mganga wa kienyeji zinaweza kumwua. Msimlazimishe kutapika. Mkimbizeni zahanati, au hospitali ya wilaya pale Makandana. Chukueni na tawi la mmea huo, daktari alione. Ng'ombe naye akila, mwite bwana mifugo.

TUNAUNG'OAJE?

Tuung'oe udongo ukiwa na maji, kabla haujazaa. Mbegu zikishaanguka zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 30, kisha zikaota.

1. Watoto wakae mbali.
2. Vaa viatu na glavu. Huna glavu? Funga mikono kwa mfuko mzito. Usijiguse macho wala mdomo.
3. Kama kuna matunda, yakate kwanza, uyatie katika kiroba. Usiyaache chini, maana tunda lililokatwa huweza kuendelea kukomaa.
4. Chimba kwa jembe, ung'oe na mzizi wake.
5. Usiuchome, maana moshi wake una sumu. Usiwape ng'ombe. Usiutupe kwenye shimo la mbolea. Uzike katika shimo refu, mbali na kisima au mto.
6. Nawa kwa sabuni. Osha jembe na nguo.

Kazi haiishi siku moja. Wakati wa mvua, turudi kila baada ya wiki mbili kuangalia miche mipya. Mahali tulipong'oa tupande majani mazuri, kwa sababu mnanaha hupenda ardhi iliyo wazi.

Uwanja ni wetu sote, na gugu lililomo ni letu sote. Ukimaliza kusoma, msomee jirani. Kisha mwende uwanjani pamoja, mkaangalie pembeni.