Je, Binti Yako Anachezea Simu au Anasoma?

Jioni moja hapa Buswelu tulimkemea binti yetu. Mboga hazijachambuliwa, vyombo havijaoshwa, naye ameketi barazani akitazama simu. Anasoma sayansi, mwaka wa kwanza chuo kikuu.

"Mama, hiki ndicho kipindi changu cha kesho," alijibu.

Hatukumwamini. Tulimwambia aweke simu, ashike kisu. Kesho yake alirudi mnyonge. Wenzake walijadiliana darasani, yeye alikaa kimya kwa kuwa hakujiandaa. Alisema pengine sayansi si yake. Neno hilo lilituchoma.

Sisi tulizoea mwalimu aeleze ubaoni, tunakili, kisha twende nyumbani kuhangaika na maswali peke yetu. Baadhi ya wahadhiri wamegeuza utaratibu huo. Mwanafunzi hutazama maelezo kwa video, au husoma kurasa alizopewa, kabla ya kipindi. Saa za darasani ni za maswali na mazoezi, mhadhiri akiwa karibu.

Mwaka 1991 Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza kuwapa wanafunzi wake maswali ya kujadiliana wao kwa wao. Mwaka 2007 Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia katika sekondari moja ya Colorado, walianza kurekodi masomo kwa ajili ya waliokosa vipindi.

Je, inasaidia? Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walilinganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Waliofundishwa kwa mihadhara tu, karibu 34 kati ya 100 walifeli. Walioshirikishwa darasani, kwa njia hii na nyingine zinazofanana nayo, walifeli karibu 22.

Tuchukue mfano wa kayabo, samaki wetu wa chumvi. Mhadhiri anauliza: kwa nini sangara akitiwa chumvi hutoa maji? Kila mmoja anachagua jibu, anamweleza jirani sababu zake, kisha wanachagua tena. Anayemweleza mwenzake hugundua mwenyewe alipokwama. Akielewa, hupata hamu ya kuendelea.

Lakini njia hii ina sharti moja: maandalizi ya nyumbani. Hapo ndipo sisi akina mama tunapoingia. Mara nyingi kaka husoma wakati dada yuko jikoni. Basi tufanye hivi:

Tumpe binti saa moja kila jioni bila kumtuma, na kazi za nyumbani tuzigawe kwa watoto wote, wa kike na wa kiume.

Kama vifurushi ni ghali, apakue video akiwa chuoni penye intaneti.

Mwisho, tumwombe atueleze alichojifunza. Kama alikuwa anacheza, atajulikana mara moja!

Juzi tulimwuliza habari za kayabo. Alieleza kwamba maji hupita katika utando wa seli, kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Miaka yote tumetia samaki chumvi bila kujua hilo. Tulicheka pamoja, huku kaka yake akichambua mboga.