Damu Imepungua, Chuma Kipo

Mtoto akipauka viganja pale Busia, uwe upande wa Kenya au wa Uganda, ushauri wa kwanza ni ule ule: mnunulie dawa ya kuongeza damu. Dawa yenyewe ni madini ya chuma, na wengi huwafaa. Ila kuna watoto ambao damu imewapungua na chuma wanacho.

Mwenye sikoseli ni mmoja wao. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yake hujikunja kama mundu na kuvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Chuma kilichokuwemo hubaki mwilini. Akiongezewa damu mara kwa mara, kinarundikana kwenye ini. Huyu chupa ya dukani haimtibu. Anahitaji asidi ya foliki, kinga ya malaria na haidroksiurea, dawa iliyojaribiwa kwa watoto hapo jirani Mbale, na Kilifi pia.

Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini humo mwaka 1949. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 walikuwa na kijeni cha sikoseli. Nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Penye mbu ndipo penye kijeni, kwa kuwa anayerithi kimoja tu hukingwa na malaria kali. Anayerithi viwili, kutoka kwa baba na kwa mama (na si kwa mama peke yake, kama wakwe wanavyopenda kudai), huugua.

Malaria nayo ina hila yake. Tororo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikadiriwa mtu huumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Mtoto akiugua, ini humwaga hepsidini, homoni inayozuia chuma kuvuka kutoka utumboni kwenda kwenye damu. Mpe omena, mpe dawa, kingi kitaishia chooni. Utafiti mmoja wa Kampala uliwaanzishia watoto chuma siku 28 baada ya tiba ya malaria, na damu zao zikakipokea zaidi kuliko za walioanza papo hapo. Pemba kulitokea baya zaidi: mwaka 2003 jaribio la kugawa chuma kwa watoto wote lilisitishwa, kwa kuwa waliokipata walilazwa au kufa zaidi.

Viganja havimwambii muuza dawa yupi ni yupi. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linaonyesha sikoseli. Kwa matone kama hayo, yaliyokusanywa awali kupima VVU, Uganda iligundua kuwa asilimia 13.3 ya watoto wake wamebeba kijeni kimoja.